Vyanzo Vitano vya Tessa

Tessa Durkee alikuwa anakata duara la karatasi nyekundu wakati mto wa Dario ulipochomoka tena chini ya koti na kuangukia kwenye gundi.

"Hongera, rais amejifungua," alisema Tessa bila kuinua macho.

"Cheka tu. Wewe wako unamvalisha koti na kola, basi. Huyu rais wangu Taft ananimaliza na tumbo lake."

Ilikuwa Jumanne, na Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Kila mwaka, kabla ya Siku ya Marais, sikukuu ya kuwakumbuka marais wa nchi, darasa la tano la Corbett Mills liliandaa makumbusho kwenye ukumbi wa michezo. Kila mtoto alichomoa jina la rais kutoka kwenye kofia ya mwalimu, akamtafuta mtandaoni kwa wiki tatu, akatengeneza bango. Siku ikifika, watoto walivaa kama marais wao na kusimama tuli kama sanamu. Mgeni alipobonyeza duara jekundu lililobandikwa mezani, sanamu liliamka, likazungumza kwa dakika moja, kisha likaganda tena. Wazazi waliacha kazi zao mapema ili wasikose.

Mwalimu Pruitt alikuwa amewapa orodha ya kurasa za kuaminika: za maktaba zilizohifadhi barua na hotuba za marais, na hazina moja kubwa ya magazeti ya kale yaliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Sharti lake lilikuwa moja. Kila jambo litakalosemwa liwe na kadi nyuma ya bango, na kadi iseme jambo hilo limetoka wapi.

Mwalimu alifika kwenye meza yao akiwa na kikombe cha kahawa. Alisoma kadi ya Dario kwanza.

"Alikwama kwenye beseni la kuogea," alisoma. "Nani aliona?"

"Iko kila mahali mtandaoni, mwalimu."

"Sikuuliza iko wapi. Nimeuliza nani aliona."

Dario alijikuna shingo. "Labda mke wake?"

"Labda. Mtafute basi. Ukimkosa, beseni linatoka." Akageukia bango la Tessa.

Tessa alikuwa amempata William McKinley, na hakuna aliyefurahi kuliko yeye, kwa sababu McKinley alikuwa rais aliyetoka jimbo lao. Mwaka 1896, akigombea urais, treni yake ilisimama hapa hapa Corbett Mills. Alitoka kwenye behewa la mwisho akahutubia watu, na mtoto wa miaka kumi aitwaye Asa Durkee akampa tofaa. Asa alikuwa babu wa babu yake Tessa. Hakuna mtu mjini ambaye hakuijua habari hiyo. Ilikuwa hata kwenye kibao cha shaba ukutani mwa stesheni ya zamani.

"Hapa una vyanzo vitano," alisema Mwalimu Pruitt.

"Ndiyo. Kurasa tano tofauti."

"Zisome kwa sauti. Sentensi ya kwanza ya kila moja."

Tessa alisoma. Kufikia ya tatu sauti yake ilianza kupungua. Zote tano zilisema "asubuhi yenye ukungu" na zote zilisema "tofaa jekundu lililong'aa kama taa".

"Watu watano wameona ukungu mmoja na taa moja," alisema mwalimu. "Mimi naona mtu mmoja, na wanne walionakili. Unahitaji kitu cha wakati ule ule."

"Ninacho," Tessa alisema upesi. Alichukua kadi mpya akaandika: Gazeti la Corbett Mills, Oktoba 1896.

"Umelisoma?"

"Ndiyo."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Mwalimu Pruitt alimtazama kidogo, kisha akanywa kahawa yake. "Vizuri. Kesho lete picha ya ukurasa huo, tuiweke katikati ya bango. Wageni wataipenda."

Alipoondoka, Dario aliinamia upande wa Tessa. "Hujalisoma."

"Limo tu. Treni ya mgombea urais isimame mjini kwetu, gazeti lisiandike? Nitalisoma leo."

Mchana huo, kabla hata ya kuvua viatu vya theluji vizuri, Tessa alifungua kompyuta kwenye meza ya jikoni. Gazeti la mji lilikuwa la wiki, likitoka kila Alhamisi. Oktoba ya mwaka ule ilikuwa na Alhamisi tano. Alijitengenezea mkate wa siagi ya karanga akaanza na la kwanza.

Herufi zilikuwa ndogo, na kurasa nyingine zilikuwa na madoa. Alisoma juu ya bei ya ngano, juu ya ng'ombe aliyepotea, juu ya dawa inayotibu kila kitu. Treni ya mgombea haikuwemo. Hata katika la pili haikuwemo. Katika la tatu, lile la tarehe 15, jina McKinley lilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, na Tessa alipiga meza kwa kiganja.

Kisha akasoma habari yenyewe. Jumamosi iliyopita, liliandika gazeti, wakazi wa Corbett Mills, wanaume kwa wanawake, walijaza mabehewa mawili ya treni pamoja na bendi ya mji wakaenda Canton, mji alikoishi McKinley. Walipiga foleni barabarani nyuma ya watu wa miji mingine. Zamu yao ilipofika, walisimama uani kwa mgombea, naye akatoka kibarazani akawahutubia. Walirudi saa mbili usiku, wamelowa mvua.

Tessa alisoma mara mbili. Akafungua moja ya kurasa za maktaba katika orodha ya mwalimu, akakuta jambo ambalo angelikuta wiki mbili zilizopita kama angelitafuta: mwaka ule McKinley hakuzunguka nchini kuomba kura. Isipokuwa safari chache, alikaa kwake Canton na watu wakamfuata kwa treni, maelfu kwa maelfu, akahutubia akiwa kibarazani.

Magazeti ya tarehe 22 na 29 hayakuwa na treni pia.

Alirudi kwenye zile kurasa tano na kutazama tarehe zake. Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya mtandao wa mji, ya miaka kumi na miwili nyuma. Alishuka hadi chini kabisa, mahali ambapo hakuwahi kufika. Palikuwa na mstari mmoja: Imeandikwa na Wendell Durkee.

Wendell Durkee alikuwa babu yake. Ijumaa alikuwa anakuja na wazee wanne wa chama cha kutunza stesheni ya zamani, na aliwaahidi kwamba atakayekuwa wa kwanza kubonyeza duara la Tessa ni yeye.

Asubuhi ya Jumatano Tessa aliingia darasani kabla ya kengele. Mwalimu Pruitt alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu, jana nilisema nimesoma gazeti. Sikuwa nimelisoma."

"Na sasa?"

"Sasa nimelisoma. Hakuja hapa. Sisi ndio tulikwenda kwake." Alitoa kadi mfukoni. Alikuwa ameikunja mara nyingi hadi imekuwa ndogo kama stempu.

Mwalimu aliikunjua, akaisoma, akamrudishia. "Kadi ni yako, utaiandika upya. Alama za jana za kadi hii sitakupa, hiyo unaelewa."

"Naelewa."

"Bado siku mbili. Kuna mtu anayehitaji kulisikia hili kabla ya Ijumaa?"

Tessa alitazama viatu vyake. "Yupo."

Babu Wendell aliishi mtaa wa nyuma ya kiwanda cha zamani cha vigae. Jioni hiyo Tessa alimkuta akichemsha supu ya nyanya, redio ikisoma habari za hali ya hewa.

"Rais wangu!" alisema babu. "Nimeshawaambia wazee wavae tai. Harlow hana tai, nimempa yangu. Kaa, kula."

"Babu, ile habari ya treni uliipata wapi?"

"Kwa baba yangu. Naye kwa baba yake. Kwani kuna nini?"

"Asa mwenyewe uliwahi kumsikia?"

"Asa alikufa mimi nikiwa bado sijazaliwa. Unaniuliza kama polisi, Tessa."

Tessa alifungua kompyuta juu ya meza, akaisukuma kwake. Babu alitafuta miwani, akaikuta kichwani, akasoma. Supu ilianza kufurika. Tessa ndiye aliyezima jiko.

"Hili gazeti limekosea," alisema babu hatimaye. "Au liliandika la Canton likaacha la hapa."

"Nimesoma Oktoba yote. Wameandika hata ng'ombe aliyepotea."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa mtu anaitwa Tuttle."

"Wale Tuttle hawajawahi kujua kufunga lango," alisema babu, lakini hakucheka. Aliukuza ukurasa mpaka herufi zikawa kubwa kama kucha. "Kibao cha shaba nilikiombea mimi. Nilisimama mbele ya halmashauri nikasema najua. Wazee wanne wanakuja Ijumaa kusikia hili tofaa, na wewe unataka niwaambie nini?"

"Mimi nitawaambia, babu. Nitasema tuliyoyakuta. Lakini sikutaka uyasikie mara ya kwanza ukiwa umesimama pale."

Redio ilisema theluji itaendelea. Babu aliinuka, akamimina supu katika bakuli mbili, akakaa tena.

"Kwa hiyo Asa hakumpa tofaa."

"Hatujui. Labda alikwenda Canton na wale wengine. Gazeti halikuandika majina."

"Hatujui," babu alirudia. Alikoroga supu muda mrefu bila kuinywa. "Mwalimu wako ameiona ile ya mwanzo?"

"Nilimdanganya kwamba nimesoma gazeti. Asubuhi nikamwambia ukweli."

"Alikugombeza?"

"Amenikata alama tu."

Babu alitikisa kichwa taratibu. "Basi tuko sawa mimi na wewe, ila mimi nimechelewa miaka kumi na miwili. Sikiliza, mama. Baba yangu hakuwa mwongo. Alinipa kile alichopewa. Kosa langu ni kwamba nilipoandika, sikuandika 'nimeambiwa'. Niliandika kama vile nilikuwepo, nikaongeza na ukungu wangu. Watu waliniamini kwa sababu mimi ni Durkee, na hakuna aliyekwenda kutazama. Ukisema jambo, sema pia umelijuaje. Kama umeambiwa, sema umeambiwa. Haikupunguzii kitu."

"Ule ukungu ulikuwa wako?"

"Ukungu ni wangu. Na taa pia," alisema babu, na safari hii alicheka kidogo. "Nilidhani inapendeza."

Walikula. Kisha babu alijaribu kukumbuka neno la siri la kuingilia kwenye mtandao wa mji, akakosea mara tatu, akalikuta limeandikwa nyuma ya kalenda. Ukurasa wa zamani ulifunguka. Aliweka kidole juu ya kitufe cha kufutia na kukiacha hapo bila kubonyeza.

"Tufute yote?"

"Usifute," alisema Tessa. "Andika juu yake kwanza."

Babu aliandika kwa vidole viwili: Katika familia yetu husimuliwa kwamba. Akasimama hapo, akaisoma, akaonekana kuridhika nayo kiasi.

"Septemba umesoma?"

"Bado. Na ile wiki ya mwisho kabla ya kura, ukurasa wa tatu una doa, sikuweza kuusoma wote."

"Septemba ina Alhamisi ngapi mwaka ule?"

Tessa alihesabu kwa vidole. "Nne."

Babu alivuta kiti chake karibu na wa Tessa. Walimaliza gazeti la kwanza la Septemba na nusu ya la pili kabla mama yake Tessa hajapiga honi nje. Babu alichukua bahasha ya zamani na kuandika tarehe na ukurasa walipoishia. Chini yake akaandika: kumpigia Harlow, kwenda halmashauri kuhusu kibao.

"Kesho uje moja kwa moja kutoka shule," alisema. "Tutaanzia safu ya tatu."