Nilimchagulia Koti la Kilti, Akaenda Kumwoa Mwingine

Nina umri wa miaka thelathini na saba, sina mume wala mtoto, na ninaishi peke yangu Ganshoren, huku Brussels. Kwa miaka mingi nimesoma mikasa ya wenzangu. Mingine nimelia nayo, mingine nimeicheka kimoyomoyo na kusema, huyu naye, hakuwa na macho? Leo nichekeni na mimi. Nimestahili.

Nilikuja Ubelgiji mwaka 2006 kusoma, nikitokea Morogoro. Masomo yalipokwisha nikapata kazi katika duka la kukodisha nguo za sherehe, karibu na Porte de Namur. Mwenye duka alikuwa bibi wa Kibelgiji. Nyuma, kwenye cherehani na pasi, alikuwepo Maman Béa, mama wa makamo kutoka Bukavu, Kongo. Mimi nilikaa mbele nikipokea wateja.

Brussels ina Waskoti wengi wa maofisini, na wanaume wao wakienda harusini huvaa kilti, ile sketi nzito ya sufu yenye mirabamraba na mikunjo nyuma. Kilti yenyewe mtu huja nayo, ya ukoo wake. Shida ni koti na vikorokoro! Koti la suti halifai, linafunika mikunjo, linatakiwa fupi. Harusi ya mchana ni koti la sufu la kijivu, na kipochi cha ngozi kinachoning'inia mbele, chini ya kiuno. Ya jioni ni koti jeusi la vifungo vya fedha, na kipochi cha manyoya. Halafu kizibao, soksi ndefu, vitambaa vya kuzishikia, pini ya pindoni. Ukikosea kimoja, mtu anaonekana kama mwigizaji. Niliipenda kazi hiyo, na niliijua kuliko hata wenyewe.

Huko ndiko nilikompata Duncan...

Alikuja mwaka 2008 kukodi koti. Akaja kulirudisha, kisha akaja tena bila sababu yoyote. Kwa miaka minne tukawa kidole na pete. Aliniahidi ndoa, tena mara nyingi. Nyumbani baba mdogo alikuwa anasubiri barua ya posa. Mama yangu, maskini, alishanunua vitenge vya sare akawagawia shangazi zangu, akawaambia washone mapema, mafundi wasije wakawachelewesha.

Jambo moja tu lilikuwa linaniuma. Hakuwahi kunipeleka kwa watu wake. Nikiuliza, anasema wakati bado. Na mimi naitikia, wakati bado!

Mwezi wa tano mwaka 2012 akaniambia binamu yake anaoa huko kwao Uskoti, na yeye ndiye mpambe. Wageni wamehesabiwa, kwa hiyo nisingeweza kwenda. Nilinyong'onyea. Kisha nikapata wazo lililonifurahisha mno. Kama siendi, basi kazi yangu itakwenda! Nitamvalisha hadi ndugu zake waulize ni nani huyo aliyemchagulia. Watanijua kabla hawajaniona.

Alikataa. Alisema atakodi hukohuko. Nikambembeleza, akakataa tena. Nikanuna siku mbili nzima, simu zake sipokei, mpaka akakubali. Jamani, mimi ndiye niliyemlazimisha! Nilijipalia makaa mwenyewe.

Alipokuja kupima alileta kipande cha utepe wa rangi ya waridi mpauko. Akasema tai iwe ya rangi ileile, ndivyo bibi harusi anavyotaka, ilingane na maua yake. Kizibao nacho kiwe cha rangi ya maziwa.

Mtaniuliza, hukushtuka? Sikushtuka hata kidogo! Kwetu mpambe anavaa kama bwana harusi mwenyewe, suti moja, tai moja, mpaka wageni wa viti vya nyuma wanauliza yupi ni yupi. Niliona ni sawa kabisa. Tena nilifurahi, nikasema kumbe hawa watu hatuko mbali nao.

Aliyeshtuka ni Maman Béa.

"Mutoto yangu, huyu muntu haiko témoin," aliniambia, yaani si mpambe, utepe ukiwa mkononi mwake. "Hapa kwa bazungu, cravate ya kufanana na maua ya bibi, ni marié, bwana ya arusi, njo anaivalaka. Alors, umuulize muzuri."

Mnajua nilimjibu nini mama yule? Nilimwambia, "Maman Béa, wewe uliachwa na mumeo, usinitakie na mimi niachwe."

Alichukua pasi akaendelea na kazi. Maneno yale hadi leo yananichoma kuliko mengine yote niliyowahi kuyasema.

Alhamisi, Duncan akaja kujaribu nguo zote. Nilipiga magoti sakafuni nikamkunjia soksi, nikamfungia vile vitambaa, nikainuka nikamwekea sawa tai. Koti la kijivu lilimkaa utadhani alizaliwa nalo. Akajitazama kwenye kioo, halafu akanitazama mimi, nikaona machozi yanamlengalenga. Akasema mimi ni mwanamke mwema sana. Nikadhani ni mapenzi...

Jumanne iliyofuata, asubuhi, mwanamke mmoja aliingia dukani na ule mfuko wetu wa nguo. Alikuwa mchangamfu, mwenye uso wa kucheka. Alisema kwa Kifaransa kwamba amerudisha nguo za mumewe. Mumewe alimwambia azitume tu kwa posta, lakini yeye anakaa Woluwe-Saint-Lambert na kila siku anapita hapa akienda kazini, sasa posta ya nini? Tena alitaka amwone mtu aliyezichagua, maana kila mgeni alizisifia.

Nikaitazama karatasi ya kukodi iliyobandikwa kwenye mfuko. Duncan.

Kanuni ya duka ni kukagua kila kitu mbele ya mteja. Nikafungua mfuko. Koti. Kizibao. Tai. Kipochi. Soksi jozi moja. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yenyewe, mimi sipo. Yeye akanionyesha picha kwenye simu, anasema, hii tukitoka kanisani, hii na mama mkwe wangu. Haikuwa Uskoti hata, ilikuwa hapahapa Brussels! Akasema wamekuwa pamoja miaka sita. Mimi nilikuwa na minne. Hesabuni wenyewe nani alikuwa mwizi wa nani.

Kwenye ukosi wa koti kulikuwa bado na ua, limenyauka. Nikalitoa, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Akaniomba alichukue, alitunze. Nikampa.

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka! Lakini huyu mtu alikuwa amenikosea nini? Kisha akatoa daftari dogo, akaniomba nimwandikie koti gani linavaliwa na nini, maana anataka kumnunulia mumewe nguo zake mwenyewe, iwe zawadi ya ghafla. Nikaandika, ndugu zangu... Kwa mwandiko wangu mzuri, kimoja baada ya kingine, hadi pini ya pindoni. Akanibusu shavuni, akaenda zake.

Maman Béa alitoka nyuma. Alikuwa amesikia yote. Alilitoa lile koti mikononi mwangu, akavuta kiti.

"Bon. Ikala, mutoto yangu. Ulie."

Duncan alipiga simu kesho yake, mara moja tu. Hakuomba msamaha. Aliuliza kama nimemwambia mkewe chochote. Nikasema hapana. Akasema asante, akakata.

Tangu hapo kila mteja wa kilti akiingia, nikawa nachanganya vipimo, nikawa namtoa mtu na koti la mwingine, na baada ya miezi miwili bibi mwenye duka akaniambia kwa upole nikapumzike. Sikurudi.

Nyumbani ilibidi nipige simu. Mama hakulia wala hakufoka. Aliuliza tu, "Sasa hawa waliokwisha shona niwaambieje?"

Shangazi zangu walizivaa sare zile kwenye harusi ya binti mwingine, na picha nilitumiwa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi niliambiwa waziwazi, na mtu aliyenipenda. Maman Béa nilimwomba radhi kwa magoti. Alinisamehe. Mimi sijajisamehe, na sijui kama yule dada wa Woluwe anajua hadi leo.

Ninawaomba, dada zangu. Mwanamume akikuficha miaka minne, usijidanganye kwamba anakutunza. Usimsukumie wema wako ili akuone. Na ukijikuta umepiga magoti unamvalisha mtu wako kwa harusi ambayo wewe hukualikwa, simama kwanza, umuulize harusi hiyo ni ya nani.