Pete Ilisema Nyota Moja

Pete iliyokuwa kwenye kidole cha Bi Chausiku iliitwa pimamoyo. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya risasi, na kazi yake ilikuwa kuusikiliza mwili wa mtu anaposoma. Ilipima mapigo ya moyo na jasho la kiganja, ilijua ukurasa upi umefunguliwa na upi umeachwa, kisha ikakipa kitabu nyota, kuanzia moja hadi tano, bila kumuuliza msomaji neno. Mwili haudanganyi, walisema walioitengeneza. Watu wakaamini, kama wanavyoamini kila kitu kinachong'aa.

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, saluni ya Bi Chausiku pale Kihonda, Morogoro, ilikuwa imejaa. Mashine ya kusuka ilipitisha mikono yake sita vichwani mwa wateja, na mwenye saluni alikuwa akifanya alichokifanya kila Jumamosi: kuwasomea hadithi kwa sauti. Kitabu kiliitwa Kicheko cha Ghorofa ya Tisa. Mwandishi wake, Zamoyoni Mkude, alikaa kiti cha pili kutoka mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka. Hakuna aliyemtambua isipokuwa Bi Chausiku.

"Milango ya lifti ikajifunga," Bi Chausiku alisoma. "Ndani hamkuwa na mtu ila yeye. Kisha, nyuma yake kabisa, mtoto akacheka."

"Uwiii!" Mteja mmoja aliruka hadi mashine ikamvuta nywele. Bi Chausiku alikifunga kitabu, akakitupa kwenye beseni la taulo. "Sisomi tena! Mtoto gani huyo, jamani? Tutaendelea wiki ijayo, mkija wote. Peke yangu sikigusi ng'o!"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Zamoyoni naye alicheka, maana kwa mwandishi wa hadithi za kutisha hakuna sifa tamu kuliko hiyo. Ndipo pete ikazungumza kwa sauti yake laini.

"Kitabu kimekataliwa ukurasa wa arobaini na moja. Nyota moja. Asante kwa maoni yako."

"Maoni ya nani?" Bi Chausiku aliitumbulia macho pete. "Mimi nimesema nyota moja? Ala! Nimekuomba unisemee?"

Zamoyoni hakucheka tena. Kwa wiki tatu alikuwa akiziangalia nyota za kitabu chake zikishuka, na kwa wiki tatu alikuwa amejiambia kwamba hajui kuandika. Asubuhi hiyo alikuwa na barua mfukoni kutoka Rafu Kuu, duka la mtandaoni lililouza vitabu vyote na kuwavisha wasomaji pete: kitabu kimeshuka chini ya nyota mbili, kitaondolewa leo saa sita mchana, na yeye hataruhusiwa kutoa kingine kwa miaka mitano. Barua hiyo ndiyo iliyomleta kusukwa. Alitaka walau kichwa kipendeze siku hiyo mbaya.

Mwandishi wa kujitegemea hana kampuni ya kumpigia debe. Anayempigia debe ni msomaji, yule anayemwambia jirani yake, soma hiki, kitakutoa jasho. Zamani msomaji aliandika mwenyewe mistari miwili chini ya kitabu, na mistari hiyo ikamletea mwandishi msomaji mwingine. Wakaja wajanja wakaandika sifa za uongo, na badala ya kuwafukuza wajanja, Rafu Kuu ikawanyamazisha wasomaji wote, pete ikasema badala yao. Nani asingepandwa na hasira?

"Kuna kipengele," Zamoyoni alisema, akiikunjua barua. "Wasomaji thelathini waliokifungua kitabu wakitoa ushuhuda kwa sauti zao kabla ya saa sita, kinabaki."

"Thelathini tu? Wateja wangu wenye kitabu hiki hawapungui hao. Nenda kawashike mashati huko ofisini kwao, mwanangu. Mimi nawapigia simu mmoja mmoja."

"Na nywele?"

"Nywele zitakimbilia wapi? Nenda!"

Akaenda hivyohivyo, kichwa nusu kwa nusu. Ofisi za Rafu Kuu zilikuwa ghorofa ya tisa. Alipanda kwa lifti, akaketi kumsubiri mhandisi wa pimamoyo, Injinia Lusekelo Mwambene. Mhandisi alitokea mlango wa ngazi, anahema, shati limelowa mgongoni. Alimtazama Zamoyoni kichwani, kisha kwa adabu akatazama pembeni.

"Karibu, dada. Pole kwa kusubiri."

"Sikuja kupewa pole, kaka. Nimekuja kuuliza pete yako inajua nini kuhusu hofu."

Mhandisi alimwonyesha mchoro wa wasomaji wa kitabu chake kwenye kioo cha ukutani. Mistari mia mbili na kitu ilipanda, ikapanda, na ukurasa wa arobaini na moja yote ikakatika. "Unaona? Moyo unakwenda mbio, kiganja kinatoa jasho, msomaji anafunga kitabu. Tuliifundisha pete kwamba hiyo ni dalili ya kuchukia."

"Mliifundisha kwa vitabu gani?"

"Miongozo ya kazi," alisema taratibu. "Na ripoti za ofisi. Ndivyo vilivyokuwepo."

"Ripoti za ofisi!" Zamoyoni aligonga meza hadi kikombe kikaruka. "Mtu akifunga ripoti, imemchosha. Akifunga hadithi ya kutisha, imemwingia! Mwenzangu ametupa kitabu changu kwenye beseni mbele ya macho yangu, na wiki ijayo atakifungua tena. Ninyi mmekwisha kumwandikia kwamba amekikataa. Hamna hata haya!"

Kwenye kona ya kioo, hesabu ya ushuhuda ilianza kusogea. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Bi Chausiku mwenyewe: "Mimi Chausiku binti Kondo, nimekiogopa kitabu hiki kama simba. Nitakimaliza, Mungu akipenda. Nyota tano, na mwandishi wake ana wazimu." Wengine walikuja kwa kusitasita. Walikuwa wamesahau namna ya kusema kitabu kimewafanya nini. Mmoja aliuliza, "Kwani pete si imeshasema?" Bi Chausiku alisikika nyuma yake akifoka, "Sema wewe! Una mdomo wa nini?"

Saa sita kasoro dakika kumi hesabu ilifika ishirini na tisa. Kasoro dakika tano, bado ishirini na tisa. Bi Chausiku akapiga simu, sauti imemkauka: "Wameisha, mwanangu. Nimempata kila niliyemjua."

Zamoyoni alikata simu. Alimtazama mhandisi, shati lake ambalo bado halijakauka, kisha mlango wa ngazi.

"Injinia, lifti yenu nimepanda nayo. Ni nzima."

"Ni nzima," alisema Lusekelo.

"Umekisoma kitabu changu?"

"Nilikifungua. Niliishia arobaini na moja."

"Unapanda ngazi tangu lini?"

Mtu mzima yule, mwenye shahada zake ukutani, aliinamisha kichwa. "Wiki tatu. Na kila nikisikia mlango wa lifti unafunguka kwenye korido, nywele zinanisimama."

"Na pete yako ilikipa ngapi?"

"Moja."

"Basi sema, kaka! Sema kwa mdomo wako!"

Alivua pete, akaiweka mezani, akakisogelea kioo. "Mimi Lusekelo Mwambene nimekisoma kitabu hiki hadi nimeogopa kupanda lifti ya ofisini kwangu. Ni kizuri sana." Hesabu ikasoma thelathini. Saa sita ilipogonga, kitabu kilikuwa bado kwenye rafu.

Zamoyoni hakumshukuru. "Vingine vilivyoondolewa ni vingapi?"

"Elfu nne na kidogo, kwa miaka mitatu." Aliifungua orodha, akaanza kuteremka nayo, na kadiri alivyoteremka ndivyo uso wake ulivyopoteza rangi. Hadithi za kutisha, za upelelezi, za mapenzi. Zamoyoni alimshika mkono kwenye jina moja: Tumsifu Kiwelu. Rafiki yake. Tumsifu aliyeacha kuandika mwaka juzi na kuwaambia watu wote kwamba wasomaji wamemkataa.

Mistari ya wasomaji wake yote ilikatika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili.

"Kuna nini hapo?" Lusekelo aliuliza.

"Mama anamzika mwanawe." Zamoyoni alikuwa tayari anapiga simu. "Walifunga kitabu wakalia, wewe mtu. Walikuwa wanalia."

Simu ilipokelewa. Nyuma kulikuwa na kelele za kiwanda cha kufungasha nyanya.

"Tumsifu, nipo Rafu Kuu. Wasomaji hawakukukataa. Pete ilikosea. Walifika pale kaburini wakashindwa kuendelea kwa kulia, unanisikia? Rudi uandike. Lete zile hadithi tatu ulizonionyesha."

Tumsifu alisogea mbali na kelele za kiwanda.

"Nilizichoma, Zamoyoni," alisema Tumsifu. "Zote tatu. Nilidhani nawapunguzia watu usumbufu."