"Ninakubusu," Aliandika Karani

— Soma mustari ya mwisho ya barua ile, Marthe. Soma kwa sauti!

Éliézer alisimama mlangoni, mafuta ya treni bado mikononi. Marthe, mchumba wake, alikuwa akifundisha wake za wafanyakazi wa reli kushona hapa Kamina, mwaka wa hamsini na nne. Wanawake wote waliacha kukanyaga mashini zao.

— Iko barua ya kazi tu, Marthe alijibu. Niliomba uzi kwa magazini, ghala ya reli.

— Soma! Nimesikia inaisha namna gani.

Akasoma: "Uzi mweupe utafika na treni ya Bukama. Ninakubusu kwenye shingo, wako wa moyo, Gamaliel, karani mukubwa."

Mwanamke mmoja akaguna. Marthe mwenyewe alihisi kama mtu aliyekuta unywele ndani ya bukari, ule ugali wake.

— Kila barua anamaliza hivi. Nilimuandikia aache. Akajibu eti ile njo adabu ya Kifaransa, minyi sikusoma ya kutosha.

— Gamaliel iko na bibi na batoto. Hawezi kuandika vile kama weye hukumufungulia njia. Uchumba umekwisha!

Akaondoka.

Marthe hakulia. Alikwenda na barua yake moja kwa moja hadi biro, ofisi ya magazini. Gamaliel alimpokea kwa tabasamu, nywele zinang'aa mafuta.

— Karibu, mupenzi. Umefuata uzi weye mwenyewe?

— Nimefuata adabu ya Kifaransa. Barua kwa mukubwa wa stesheni, unaimaliza namna gani?

— "Mutumishi wako mutiifu."

— Yeye, weye humubusu kwenye shingo?

Makarani wakacheka kwa pua. Gamaliel akaanza kutoka jasho.

— Marthe, ni neno tamu tu. Banamuke banapenda.

— Minyi linanitapisha.

Noé, karani mzee, akaweka kalamu chini.

— Gamaliel, mutoto wangu mwanamuke, anaitwa Mujinga, anakuandikia kuomba sabuni ya hospitali. Na yeye unamubusu?

Gamaliel akatazama meza.

— Nakuuliza!

Noé akainuka, akamkamata tai, akamvuta hadi kwa mkubwa wao. Tangu siku ile Gamaliel alipelekwa kupokea magunia, mbali na kalamu.

Habari zilimfikia Éliézer kule atelye, karakana ya treni. Kesho yake akaja hadi mlango wa darasa la kushona, sauti chini.

— Nimejua kweli, Marthe. Nisamehe.

— Umeijua kwa kinywa cha Noé. Minyi nilikuambia, ukaniona muongo.

— Ilikuwa wivu.

— Siku ile weye na Gamaliel mulinichukiza sawasawa. Yeye alinichafua kwa barua, weye ukanichafua mbele ya bantu.

— Nifanye nini?

— Ingia. Sema mbele yao.

Akaingia, kofia mkononi.

— Bamama, nilimusingizia Marthe. Yeye hakukosa. Minyi njo nilikosa.

— Huku nyuma hatukusikia! mmoja akapaza sauti.

Akasema tena, kwa nguvu, masikio yakiwaka.

— Na harusi? Éliézer akamuuliza Marthe.

— Nitakujibu siku roho yangu itaacha kuchafuka.

Haikuacha upesi. Kila Jumapili Éliézer alimngoja nje ya kanisa, akamsindikiza bila kumshika mkono. Kiangazi kilipokuwa kinakwisha, ndipo waliposimama mbele ya padri. Padri akamuuliza Marthe kama anamkubali mwanaume huyu. Marthe akamgeukia Éliézer, akamshika mkono yeye mwenyewe, akasema:

— Ndiyo. Huyu namukubali.