Lori Lililokula Shamba

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kimbunga alilizunguka lori lake. Aligonga matairi kwa rungu. Alichungulia springi. Alivuta kamba za turubai kuona kama zimekaza. Ndani, mkewe aliwaandaa watoto kwenda shule. Nyumba ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili. Lori lilikuwa lao.

Madereva walimwita Kimbunga kwa sababu hakusimama. Leo anashusha simenti, kesho anapakia chumvi, keshokutwa yuko njiani tena. Alilipenda jina hilo. Lori alilinunua kwa fedha za shamba ambalo mkewe alirithi kwa baba yake. Siku shamba lilipouzwa, mke alisema, "Shamba langu sasa lina magurudumu. Lichunge."

Asubuhi moja simu iliita. Alikuwa dalali, mtu anayewatafutia wenye malori mizigo.

"Kimbunga, kuna mabati. Safari ndefu, malipo madogo. Ukikataa, wako kumi nyuma yako."

"Nakuja," Kimbunga alisema.

Mkewe alitoka na kikombe mkononi. "Umekubali kiasi gani?"

Alimwambia.

"Mbona kidogo? Kitatosha?"

"Gari likisimama linakula, mama."

"Na likitembea limefunga saumu?"

Kimbunga alicheka, akawasha injini.

Mtaa huohuo aliishi kaka wa mkewe. Naye alikuwa na lori moja. Madereva walimwita Maegesho, maana lori lake lilionekana nyumbani mara nyingi, limeoshwa, limefunikwa. Kimbunga alipopita hapo alipiga honi ndefu.

"Shemeji! Hilo lori lako litaota majani!"

"Yakiota nitafuga mbuzi," Maegesho alijibu. "Nenda salama."

Kimbunga alifika alikokwenda. Mwenye ghala alimwambia wapakuaji hawapo. Kesho yake akamwambia nafasi hakuna. Kimbunga alilala kwenye kiti cha lori, akala akiba yake, akaendelea kungoja. Hakuna aliyemlipa kwa kungoja, kwa sababu hakuna aliyemwahidi. Mabati yaliposhushwa hatimaye, alimpigia dalali.

"Mzigo wa kurudi uko wapi?"

"Wa kurudi? Huo sikukuahidi, bwana wangu."

Alirudi mtupu. Kwenye mlima, chini ya jua kali, tairi la nyuma lilipasuka. Lori liliyumba, likasimama ukingoni mwa barabara. Tairi la akiba hakuwa nalo. Alikuwa amelifunga mwezi uliopita, tairi jingine lilipopasuka, na lile bovu akalitupa. Fedha ya kununua jingine hakuwa nayo pia.

Malori yalipita. Madereva walimpigia honi, wakampungia mkono, wakaenda zao. Kimbunga aliketi kwenye kokoto. Mikono yake ilinuka mpira ulioungua. Alimpigia mkewe.

"Tairi limekwenda. Nimechoka, mama. Namwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Alichukue hapahapa."

Mkewe alisema, "Usiuze shamba langu kando ya barabara."

"Nifanye nini sasa?"

"Nampigia kaka."

"Yule? Usimpigie! Heri nife!"

"Ukifa nani atarudisha shamba langu?" Akakata simu.

Maegesho alifika jioni ya siku ya pili. Alikuwa amepewa lifti, na tairi lake la akiba alilipakia humohumo. Alivua shati, akaweka jeki. Angetukana, ingekuwa nafuu.

"Haya, shemeji," Kimbunga alisema. "Nicheke. Piga honi."

"Nikicheka nguvu zitaniishia. Shika spana."

Walifungua nati. Kimbunga alishindwa kuvumilia.

"Wewe unalala nyumbani, lakini una tairi la akiba. Mimi silali, na sina. Kwa nini?"

"Ulipokubali mabati haya, ulijua safari itakula nini?"

"Dizeli."

"Ya kwenda?"

"Ya kwenda."

"Lori lingerudi kwa kusukumwa?"

Kimbunga aliinamia nati.

"Safari haiishi mzigo ukishushwa," Maegesho alisema. "Inaisha lori likifika nyumbani. Hesabu dizeli ya kwenda na ya kurudi. Hesabu chakula chako, ushuru wa barabara, ujira wa dalali. Kisha hesabu tairi. Kila safari inalamba tairi kidogo, oili kidogo, breki kidogo. Deni hilo hulioni mpaka lipasuke."

"Fedha nilikuwa nazipata, shemeji. Kila mwezi."

"Zilikwenda wapi?"

"Kodi ya nyumba. Karo. Chakula."

"Basi mlikula tairi."

Kimbunga aliketi tena kwenye kokoto. Miaka yote aliamini anailisha familia kwa jasho lake. Kumbe alikuwa anakata vipande vya shamba la mkewe na kuwapa watoto sahanini. Kila safari kipande. Alikata kwa mbio, tena kwa majigambo, huku akiwapigia wengine honi.

"Nitaliuza tu," alisema kwa sauti ndogo.

"Liuze. Ukinunua jingine utalila vilevile."

"Lakini lori likisimama si hasara?"

"Ni hasara. Bima na leseni havilali. Ila hasara ya kusimama naijua, ni ndogo. Ya mzigo mbaya je? Wewe mwenyewe huijui. Mzigo usiolipa safari nzima na kubakiza kitu, mimi siugusi. Nataka nusu ya malipo kabla sijawasha injini. Nataka iandikwe kwamba nikingojeshwa zaidi ya siku moja, nalipwa kwa kila siku. Na sisubiri dalali peke yake. Nabisha hodi kwa wenye mizigo. Huko ninakokwenda natafuta wa kurudi kabla sijaondoka."

"Wakikataa?"

"Wanakataa, tena sana. Ndiyo maana unaniona nyumbani."

Kimbunga alirudi nyumbani, akaegesha. Siku ya kwanza dalali alipiga simu: kuna mzigo wa chumvi. Alikaa na mkewe, wakajumlisha safari nzima. Haikutosha.

"Siwezi," Kimbunga alisema.

"Umelewa?" dalali aliuliza. "Basi usinitafute tena!"

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Unga ulifika chini ya kopo. Mkewe alikwenda kufua nguo za watu, akarudi na vidole vilivyochubuka. Mwenye nyumba aligonga mlango. Madereva walipita wakipiga honi ndefu, wakapiga kelele, "Maegesho wa pili!" Kimbunga alijifungia ndani. Mara mbili alishika simu ili ampigie dalali ambembeleze. Mara mbili mkewe aliichukua mkononi mwake.

Kila asubuhi alitoka kwa miguu. Alibisha hodi kwenye vinu, maghala na viwanda vidogo. Walimwambia aache namba. Walimwambia bei yake ni ya kichaa. Wengine hawakufungua geti. Alizoea kukimbia juu ya magurudumu sita. Kutembea na kukataliwa kulimuumiza kuliko njaa.

Mwisho alifika kwa mama mmoja mwenye kiwanda cha magodoro. Mama huyo alikuwa amechoka na malori yanayopakia kupita kiasi, yakamharibikia njiani. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kungoja nako unataka nilipe?"

"Ndiyo, mama. Ukinishushia mapema, hulipi kitu."

Yule mama alitazama matairi, akatazama turubai. "Haya. Andika."

Alilipwa nusu kabla ya kuondoka. Huko alikofika, magodoro yalishushwa siku ileile, maana hakuna aliyetaka kulipia uvivu. Alirudi na vitunguu vya wakulima, aliokuwa amekubaliana nao kwa simu kabla ya safari.

Jioni, yeye na mkewe walimwaga fedha juu ya kitanda. Kwanza walitenga za dizeli ya safari ijayo. Wakatenga za tairi, oili na breki, wakaziweka mbali na za nyumba. Wakatenga za kumlipa kaka tairi lake kidogokidogo. Mwenye nyumba angepata sehemu tu ya kodi yake, na angepiga kelele. Shamba halikurudi, wala halingerudi hivi karibuni.

Kilichobaki kilienea kwenye kiganja kimoja.

"Ni kidogo," Kimbunga alisema. Aliona aibu kumtazama.

Mkewe alikunja noti zile kwa vidole vyake vilivyochubuka.

"Ni kidogo," alisema. "Lakini hiki tukikila, hakuna kitakachopasuka."