Maiki ya Shemeji

Spika ya marehemu ilikuwa inaguna, na waya wake bado umekunjwa mkononi mwa Mama Usukani.

Yeye ndiye aliyeanza kuiona. Mama Usukani alikuwa dereva wa gari la bendi, mkata tiketi mlangoni na mke wa mwimbaji, na huyo marehemu mwenye spika alikuwa kaka yake wa tumbo moja, ambaye bendi nzima ilimwita Shemeji. Akaangalia waya mkononi. Akaangalia tundu la umeme ukutani, tupu. Akaangalia spika. Kijitaa chekundu kinawaka, na ile sauti ya chini, mmmmm, kama mtu mzima anayetafuta pa kuanzia kuimba.

"Kucha," akamwita mpiga gita. "Hii umeiwasha wewe?"

"Mama, kwa mgongo huu hata viatu nafungiwa. Nitainamia spika saa ngapi?"

"Basi nani?"

"Umeme wa huu ukumbi mbovu. Achana nayo."

"Kucha. Haijachomekwa."

Kucha akageuka, akaona. Halafu akafanya kile ambacho wanaume wa bendi ile wamefanya maisha yao yote mambo yakiwa magumu. Akainama kwenye gita lake, akajifanya anakaza nyuzi.

Bendi ilikuwa inaitwa Radi Kavu. Enzi zao, we acha tu. Roki nzito, nywele mpaka mabegani, suruali za ngozi kwenye jua kali, wasichana wanazimia, wenye kumbi wanalia viti vimevunjwa. Sasa nywele zimebaki kwa Kucha peke yake, na zenyewe za masikioni. Kishindo, mpiga drams, anakalia mto wa mjukuu wake. Shoo zimehamishiwa mchana maana mashabiki nao wana presha, usiku ukiingia wameshalala. Lakini kuacha hawajui. Walishafanya Ziara ya Kuaga. Wakafanya Ziara ya Kuaga Rasmi. Hii ya sasa mabango yalisema KUAGA KWELI KWELI.

Kosa la mwimbaji hilo. Koo la Chuma walimwita, wakafupisha, Chuma. Kila shoo anatangaza, "Huu ndio wa mwisho!" Wanatoka, wanajificha nyuma ya pazia, watu wanapiga kelele weee, halafu anarudi na meno yote nje: "Mmoja tena?" Uongo ambao kila mtu anaujua, na ndio raha yenyewe. Ila uongo huo huo ndio uliomuua Shemeji. Siku ile mpiga besi alikuwa nyuma ya pazia, jasho linamtiririka, mkono umeganda juu ya moyo, akasema, "Mimi basi jamani." Chuma akamvuta. "Mmoja tena, shemeji." Akafia kwenye huo mmoja, besi bado inaning'inia shingoni, na watu wakashangilia wakidhani ni mbwembwe.

Shoo ya kwanza baada ya mazishi waliiacha nafasi yake vile vile. Maiki yake, spika yake, taa inawaka. Chuma akawa anatambulisha wenzake, akafika pale patupu, akasema, "Na kwenye besi, shemeji yangu!" Akanyamaza, hajui aendelee vipi. Mama Usukani yuko mlangoni na mkoba wa tiketi, uchungu ukampanda, akapiga ukelele: "Yupo!"

Ukumbi mzima ukaitikia. "Yupo!"

Basi ikawa desturi. Kila mji, kila shoo, miaka nenda rudi. Unamwita mtu, unamwekea nafasi, unamwashia na taa, halafu watu mia wanaapa yupo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza, je, siku akija? Na je, akija mwingine?

Mchana ule Mama Usukani hakuwa na la kufanya. Watu walishaanza kuingia. Akauchomeka ule waya, kama vile kuuchomeka kutafanya mambo yawe ya kawaida, akaenda mlangoni.

Chuma alipanda na koo bovu. Daktari alishamwambia, mzee, hapo ndani pamebaki nyuzi mbili tatu, ukiendelea utamaliza hata za kuombea maji. Wimbo wa kwanza akaukwepa kwa kuwapa watu maiki waimbe wao. Wa pili akajikohoza. Halafu akawatambulisha wenzake, akaita, watu wakajibu yupo, na wakaingia kwenye ule wimbo wenye kupanda juu, ule ambao ujanani aliupasua mpaka mbwa wa mtaani wanabweka.

Akafungua mdomo. Hewa tu.

Na sauti ikaja. Haikutoka kwake, ilitoka kwenye spika ya Shemeji, sauti ya Chuma mwenyewe lakini ya ujanani, safi, ya kijeuri, ikapanda pale juu ikakaa, ikazidi kukaa, bila kuvuta pumzi, mpaka watu wazima wakaanza kulia na kushikana mikono, na nyuma yake harufu ikashuka stejini, mafuta ya nywele, yale ya kopo la bluu aliyokuwa anajipaka Shemeji, lakini chini ya mafuta kuna harufu nyingine, ya udongo mbichi uliofukuliwa, na Kishindo akapoteza pigo kwa mara ya kwanza tangu aijue fimbo, kwa sababu kutoka alipokaa aliliona taya la Chuma kwa pembeni na lilikuwa limefungwa.

Nyuma ya pazia wakanong'onezana.

"Nani alikuwa anaimba?" Kishindo aliuliza.

"Si ni Chuma!"

"Kucha, usinifanye mtoto. Chuma alifunga mdomo."

"Basi mitambo. Ni rekodi. Mimi sijui, na wewe hujui, na tukae hivyo hivyo."

Wakamgeukia Chuma. Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, macho yanang'aa kama bwana harusi. Akataka kusema kitu. Ikatoka sauti nyembamba kama ya upepo chini ya mlango.

Wakapiga mji mwingine, na mwingine. Kumbi zikajaa. Watu waliokuwa wanasema wale wazee wamekwisha wakarudi na watoto wao. Kila shoo ile sauti ikawa tamu zaidi, na kila baada ya shoo Chuma alibaki na maneno machache zaidi. Mjukuu wake akapiga simu kumsalimia, akasikiliza, halafu akasema, "Bibi, simu ya babu imeharibika. Nasikia upepo tu."

Mama Usukani akasimamisha gari pembeni ya barabara.

"Tunageuza," akasema. "Tunarudi nyumbani."

Chuma akatikisa kichwa. Akamsogelea sikioni, neno moja moja. "Umewaona... walivyolia? Ile... ni sauti yangu."

"Ilikuwa yako. Ina mwenyewe mwingine sasa, na analipwa kwa koo lako. Unafikiri yule ni kaka yangu?"

Chuma akapandisha mabega.

"Kaka yangu alikuwa anaimba kama mbuzi mwenye mafua, Mungu amrehemu. Yule si kaka yangu. Yule amekuta mlango wazi na kiti kimepangwa."

Ndipo akamleta fundi cherehani. Mama mmoja mnene, kutwa anashona sare za shule, na pembeni, akiombwa vizuri, anatoa watu majini. Alikuja na sindano zikiwa bado zimechomekwa kwenye kola. Akaizunguka ile spika, akanusa, akapiga chafya.

"Mlimwita?"

"Kila shoo," akasema Kishindo, kichwa chini.

"Mkamwekea na nafasi?"

"Na maiki."

"Mkamwambia yupo."

"Watu ndio waliosema..."

"Sasa mnalalamika nini? Mgeni ameitwa, amekuja, amefanya kazi. Jini gani mwenye adabu hivi?" Akamgeukia Chuma, akamshika kidevu kama mtoto, akamwangalia kooni. "Baba, hapa imebaki sentensi moja. Usiipoteze kwa kuagiza chai. Utaenda kwenye ile maiki, mbele ya watu wanaoitikia yupo, useme kwa kinywa chako: imekwisha, harudi mtu. Zima spika. Toka. Watakuita. Usirudi."

"Tukiizima tu sasa hivi?" Kucha akauliza.

"Si mlishaona inawaka bila waya?" Akaokota mkoba wake. "Na nyie mabingwa wa kuaga, mnisikilize. Yeye amekaa kwenye shoo zenu zote. Anaujua mwisho wenu ulivyo. Safari hii uwe mwisho."

Chuma akakaa kimya mpaka siku ya shoo. Aliomba chumvi kwa kidole. Alimshukuru mkewe kwa kumgusa bega, na usiku alilala na kitambaa shingoni, na Mama Usukani akaanza kumpenda upya kabisa, mzee huyu asiye na makelele, akajiambia kumbe tungeweza kuishi hivi, mimi na yeye na redio.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ile sauti ikaimba shoo nzima, Chuma anachezesha midomo tu, na mwishoni wakatoka nyuma ya pazia kama kawaida. Watu wakaanza. "Bado! Bado! Bado!" Sakafu inatetemeka. Mama Usukani aliacha mlango, akaja akamshika mikono yote miwili.

"Sentensi moja," akamwambia. "Imekwisha, harudi mtu. Halafu twende nyumbani."

Chuma akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na nia, hilo lazima lisemwe. Akatoka peke yake. Akatembea mpaka kwenye maiki ya Shemeji, ambayo hajawahi kuisogelea tangu msiba, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya mafuta na udongo ilivyozidi kuwa nzito, na ile spika ikapunguza mguno wake taratibu, mpaka ikanyamaza kabisa, kama mtu anayeinama ili asikie vizuri. Akaishika maiki. Ukumbi ukatulia. Nyuso zote zile, vipara, miwani, fulana za zamani zinazobana matumbo, zote zimeinuliwa kwake zinangoja, na mkono mmoja ukapunga kule nyuma, na Chuma akavuta pumzi, na Mama Usukani akayaona meno yakianza kutoka nje, akajua kabla hajasikia, akapiga kelele "Hapana!" ambayo hakuna aliyeisikia, kwa sababu kinywa kile kilikuwa kimefanya kazi moja maisha yake yote.

"Mmoja tena?" akasema Chuma.

Paa karibu ling'oke.

Na hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya mwisho. Akajishika koo hapo hapo. Spika ikacheka, kicheko chake kile kile cha stejini, ikaanza kuimba bila bendi, na watu wakaimba nayo.

Ndivyo Radi Kavu ilivyokufa. Hakuna aliyeaga. Kishindo aliacha drams zake pale pale ukumbini akapanda basi. Kucha hajapokea simu tangu siku ile. Mama Usukani aliendesha gari mpaka nyumbani, akalifunika turubai mbele ya nyumba na vyombo vilivyobaki, spika ile ikiwemo, vikiwa ndani, maana hakuna aliyetaka kuvigusa tena. Alirudi kwa fundi cherehani. Yule mama hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Niliwapa sentensi," akasema. "Sasa kaa naye karibu. Na likiitwa jina lake, asijibu mtu."

Likaanza kuitwa wiki ile ile. Mchana kweupe, wakati ambao zamani wangekuwa wanajaribu mitambo. Chini ya turubai ule mguno, mmmmm, halafu sauti ya Chuma, changamfu, inatambulisha: "Kwenye drams! Kwenye gita!" Na mwisho kabisa: "Na kwenye sauti, Koo la Chuma!"

Halafu kimya. Inasubiri.

Mama Usukani alikuwa anasimama jikoni na kiganja mdomoni. Kwa sababu neno lilikuwa linapanda. Miaka yote ile alikuwa wa kwanza kulisema, lilishamzoea ulimi, lilikuwa linakuja lenyewe kama chafya, na yeye analimeza, na Chuma amekaa kwenye kiti chake dirishani, kikombe mkononi, analiangalia gari, na midomo inachezacheza.

Akazoea. Ndiyo, mtu anazoea. Alimeza lile neno kila mchana, akamwekea mumewe chai, akamfuta kidevu.

Siku moja alikuwa uani anaanua nguo. Mguno ukaanza, akakaza meno. Kwenye drams. Kwenye gita. Barabarani kulikuwa na mzee mmoja anapita na mkate kwapani, tumbo mbele, fulana imepauka lakini maandishi bado yanasomeka, Ziara ya Kuaga. Mzee akasimama. Akageukia gari lililofunikwa, akasikiliza, uso ukamfunguka wote kama mtoto aliyeona baba karudi.

"Na kwenye sauti, Koo la Chuma!"

Mama Usukani akaangusha nguo, akakimbia, mkono umenyooshwa, "Baba, usi..."

Mzee akajaza kifua hewa, kwa mapenzi yake yote.

"Yupo!"

Kikombe kilivunjika ndani ya nyumba. Mama Usukani hakuingia kuangalia. Alibaki amesimama kwenye vumbi, anasikiliza chini ya turubai sauti mbili za Chuma zikianza wimbo, ya ujanani na ya uzeeni, na mzee wa watu anapiga makofi, anamwambia, "Mama, kumbe wanarudi!"