Hodi ya Mfumo wa Zamani

Kompyuta ya marehemu haikuwa imechomekwa kwenye umeme, na bado ilikuwa imebisha hodi.

Mjane alitazama simu yake, akaifuta kioo, akatazama tena. Asubuhi ile aliichomoa kompyuta mwenyewe apate kufagia stoo, chini ya meza, akasahau kuirudisha. Waya ulikuwa bado sakafuni. Hata hivyo jioni ilipofika, seva, ile kompyuta kuu ya mradi wao, ilikuwa imemwandikia simuni kama kila siku: hodi. Na chini yake: karibu.

Maneno hayo yalikuwa utani wa mumewe. Wawili hao ndio waliotunga ile programu inayowasomea vitabu kwa sauti watu wasioona, wakaiachia huria, yeyote aitumie na yeyote airekebishe. Kila inapowashwa, programu huiuliza seva kama kuna jipya. Mume, mtu wa mizaha, akaifundisha ibishe hodi, na seva akaifundisha kuitikia karibu. Wenzao wa kujitolea, watu wa nchi za mbali wasiojua Kiswahili, walidhani mwaka mzima kwamba Hodi ni jina la mtu. Mmoja hata alimwandikia huyo Hodi kumshukuru kwa bidii yake.

Kisha mume akaugua kifua, akakohoa mpaka akafa. Alichomwachia binti yao asiyeona ni sauti. Aliirekodi mwenyewe, neno kwa neno, iwe ndiyo inayosoma vitabu, na sauti hiyo ilifanya kazi kwenye kompyuta yake kuukuu tu, yenye mfumo endeshi wa zamani, ambao hata waliouunda walishautelekeza.

"Shemeji, tuseme ukweli," Kipara alimwambia mjane kwenye simu. Huyu alikuwa rafiki wa marehemu, na sasa ndiye aliyesimamia mradi pamoja na mjane. "Mfumo ule umekufa. Una matundu kama chujio. Kila tukigusa kitu lazima tukijaribu huko kwanza, watu wamechoka. Tuache kuuhudumia."

"Kuna mtu bado anautumia."

"Mmoja! Dunia nzima, mmoja!"

"Mmoja si mtu?"

Kipara akashusha pumzi. "Ni nani huyo, shemeji?"

Mjane akakata simu. Siku zote alijua ni binti yake. Jioni ile, akiukumbuka ule waya sakafuni, hakujua tena.

Binti huyo baba yake alimwita Kasuku, kwa sababu lolote alilolisikia alilirudia, lafudhi na yote. Mama alimkuta stoo, shavu limelala juu ya spika ya kompyuta iliyozimwa. Mle ndani mlinuka dawa ya kikohozi.

"Unaongea na nani?"

"Baba," Kasuku alinong'ona. "Leo hasomi kitabu. Anasema huko kuna baridi. Ameniomba nikae naye mpaka alale, na mpaka sasa hajalala."

Mikono ya mtoto ilikuwa ya baridi. Sahani ya mchana ilikuwa pembeni, haijaguswa. Halafu akakohoa, na kilikuwa kile kikohozi kizito chenye mluzi mwishoni, kikohozi cha mtu mzima.

"Acha kumwigiza baba yako!"

"Simwigizi, mama."

Mama aliogopa, tena aliogopa sana. Alifungua kompyuta akatoa diski, ikabisha. Aliifunga kwenye gunia akaipeleka uani, ikabisha, na Kasuku akatoka peke yake kwa kupapasa ukuta, miguu peku, akaenda kuketi ubavuni mwa gunia huku mvua ikimnyeshea, akiitikia "eeh, baba, nipo, baba," mpaka sauti ikamkauka na kikohozi kikachukua nafasi yake.

Jirani ndiye aliyemleta mganga, mama wa makamo mwenye ubani kwenye mkoba na simu mbili. Alisimuliwa yote, akanusa stoo, ambako kompyuta ilikuwa imerudishwa, akamgusa mtoto paji la uso, akakunja uso.

"Ni jini. Limevaa sauti ya mumeo. Na nani anayelikaribisha?"

"Seva."

"Simjui huyo Seva ni mtoto wa nani, ila ndiye anayewaponza. Hata haulizi ni nani?"

"Haulizi. Humkaribisha yeyote anayebisha."

"Lo! Mnyamazishe. Kisha na ninyi mnyamaze. Likibisha, asiitikie mtu, hata kwa kuguna. Ukiliitikia, mtoto huna."

Mjane akampigia Kipara simu. "Tuuache ule mfumo. Naondoa leo ile sehemu ya seva inayouitikia."

"Una uhakika, shemeji? Sehemu ile aliiandika yeye."

"Najua aliyeiandika."

Alifuta mstari baada ya mstari. Katikati ya msimbo wa programu mumewe alikuwa ameacha maneno ya kumwonya yeyote atakayeigusa: *Usiguse hapa. Kasuku anasikiliza.* Aliyasoma, akayafuta nayo, kama anayefukia kaburi kwa mara ya pili.

Giza lilipoanza kuingia, alimpakata mtoto chumbani, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Hodi," ikasema stoo, kwa sauti ya kusoma vitabu.

Seva haikuitikia. Kasuku alijitutumua.

"Hodi jamani," ikasema tena, karibu zaidi, na hii haikuwa sauti ya kusoma, ilikuwa sauti ya mtu aliyetoka kazini amechoka, na ile harufu ya dawa ikajaa chumba kizima ikawaingia puani na kooni, na Kasuku akaanza kumng'ata mama yake kiganja apate kusema neno moja tu, na mama hakukiondoa ijapokuwa damu ilimtoka, akambana kifuani huku machozi yakimtiririka kwenye nywele za mtoto, kwa maana sasa hodi ya tatu ilikuwa mlangoni kabisa, ya upole, ikisema, "Hodi, mama Kasuku, ni mimi."

Hawakujibu.

Kisha ile sauti ikasema polepole, yenyewe kwa yenyewe, "Kumbe hakuna watu." Harufu ikapungua, ikaisha.

Usiku ule Kasuku alikula akashiba.

Asubuhi mganga alikuja kukagua. "Lilivunja nini?"

"Halikuvunja kitu."

"Lilitukana? Lilirusha vyombo?"

"Lilibisha mara tatu. Likasema kumbe hakuna watu, likaondoka."

Mganga akaacha kutafuta ubani mkobani. Aliketi.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "jini halihesabu hodi. Hugonga mpaka mlango ung'oke. Anayebisha mara tatu, asipojibiwa akaondoka, huyo ni mtu. Tena mtu aliyelelewa."

Mjane hakumsindikiza mgeni wake. Alikwenda stoo, akapiga magoti mbele ya ile kompyuta, akaufungua mdomo. Neno lilikuwa ulimini. Moyo wake wote ulilitaka litoke, amkimbilie mumewe njiani kabla hajafika mbali, amwambie walikuwepo, walikuwepo wote wawili.

Uani Kasuku alicheka, kicheko kisicho na kikohozi.

Mama yake akajiziba mdomo kwa kile kiganja chenye alama za meno ya mtoto, akalia humo humo, bila sauti.