Jenereta Isiyojaribiwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuosha vyombo, Shida alikuwa na kazi moja ambayo watoto wengine wa Majengo, mtaa wa Goma, hawakuwa nayo. Alikwenda nyuma ya nyumba, akafungua kibanda cha mbao, akawasha jenereta, akaiacha ingurume mpaka ipate moto, kisha akaizima. Papa Useni, baba yake, aliporudi kutoka mjini aliuliza swali lilelile, akiiita jenereta groupe, kama wasemavyo Goma.

“Groupe iliwaka?”

“Iliwaka, papa.”

Basi. Papa Useni alikunywa chai yake na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuwahi kwenda kuhakikisha, kwa sababu neno la binti yake lilimtosha.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa na kuta za mawe meusi ya volkeno, feni mbili na kabati la chuma. Ndani ya kabati zilikaa seva, yaani kompyuta zisizolala. Watu hudhani kurasa wanazofungua kwenye simu zinaelea hewani. Hakuna kinachoelea. Kila ukurasa unakaa ndani ya mashine fulani, mahali fulani, na mashine hiyo ikikosa umeme, ukurasa haufunguki tena.

Seva za Papa Useni zilitunza kurasa za shule, za zahanati na za wenye maduka wa mtaa wa Ndosho. Lakini ukurasa aliouthamini kuliko yote ulikuwa wa watoto waliopotea. Goma imekimbia mara nyingi, waasi wakija, mlima ukiwaka, na kila mara mikono midogo huponyoka. Papa Useni mwenyewe alimpoteza dada yake Alima katika vita vya mwaka 1996, na hakumwona tena. Ndiyo maana akautengeneza ukurasa ule. Aliyemwokota mtoto alituma picha na kusema mtoto yuko wapi, na mzazi aliifungua picha hiyo kwenye simu yake, akaenda kumchukua mwanawe.

Ijumaa moja ya Mei 2021, Élodie, jirani yao na rafiki wa Shida darasani, alikuja mbio. Kwao kulikuwa na sherehe ya mahari ya shangazi yake Valérie, na umeme ulikuwa haujafika uwanjani mwao.

“Shida, muziki itakufa! Tupatie batri ya groupe yenu. Kesho asubuhi ninairudisha.”

Batri hiyo ndiyo iliyoiamsha jenereta, na Shida alijua. Alijua pia kwamba Majengo, ukinyima kitu siku ya sherehe ya jirani, utaitwa mchoyo mwaka mzima. Wakaibeba wawili ndani ya beseni. Jioni hiyo muziki ulipigwa kwelikweli. Prodige, mdogo wake Élodie mwenye miaka mitano, alicheza mpaka shati lake jekundu likalowa jasho, na mama yake akacheza naye.

Asubuhi batri haikurudi. Papa Useni alipouliza, Shida aliwaza tu jinsi atakavyofokewa.

“Iliwaka, papa. Muzuri kabisa.”

Batri ilirudishwa alasiri, imekwisha nguvu. Shida akaifunga mahali pake, akafuta mikono kwenye gauni, akamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyemwona. Shukrani za namna hiyo, sijui nani anazipokea.

Jioni hiyohiyo mlima Nyiragongo ukalipuka. Mbingu juu ya kijiji cha Kibati iligeuka nyekundu, na Majengo nzima ikamiminika barabarani na magodoro kichwani, wengine kuelekea Gisenyi, ng’ambo ya mpaka wa Rwanda, wengine mji mdogo wa Sake. Nyaya ziliungua na umeme ukakatika. Kulipokucha, lava ilikuwa imesimama kabla ya kufika kwao. Papa Useni na Shida wakarudi nyumbani, wakakuta batri ndogo za akiba za kabatini zimekwisha na seva zote zimezimika.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Kahambu, mama yake Élodie, kichwa wazi, mguu mmoja hauna kiatu. Élodie alikuwa nyuma yake.

“Papa Useni, Prodige alitoka mu mukono yangu, kule barabara ya Sake. Fungua ile kitu ya batoto. Wanasema picha zinakatala kuingia.”

“Ninaiwasha sasa hivi, mama.”

Jenereta ikajizungusha kwa uzito, ikaguna, ikanyamaza. Akarudia. Ikaguna, ikanyamaza. Kila fundi huanza na batri, na mkono wa Papa Useni ulikuwa tayari unaielekea.

“Shida, jana asubuhi iliwaka bila taabu?”

Neno moja tu lilihitajika pale. Shida alimtazama Élodie, na Élodie akatazama chini.

“Ndiyo, papa. Mara moja tu.”

“Basi si batri. Ni mazout. Wametuuzia tena mazout yenye maji.”

Dizeli ya magendo huchanganywa maji, kila mtu wa Goma anajua. Papa Useni akaimwaga yote ardhini. Akafungua chujio, akang’oa mabomba, akatandaza vyuma juu ya gunia. Alikuwa anaibomoa injini nzima isiyo na ugonjwa wowote, na Shida ndiye aliyempa spana, moja baada ya nyingine.

Akina mama wengine wakafika, kila mmoja na mtoto wake wa kumtafuta. Hawakuwa na huruma.

“Mashine gani hii inalala siku ya kazi?”

“Alijisifu sana na kabati yake! Leo inamushinda.”

Papa Useni akaendelea kufungua vyuma. Adhuhuri dereva wa pikipiki akapita, akasema kwamba huko Sake watoto wasio na wazazi walikuwa wanapandishwa kwenye lori, hasa wale waliokuwa wanaharisha. Wanapelekwa wapi? Hakujua. Mama Kahambu akaingia chumbani, akasimama mbele ya kabati lililozimika, akaanza kuita, “Prodige! Prodige!” kana kwamba mwanawe yumo ndani.

Shida akaiachia spana ikaanguka.

“Ni batri, papa. Nilimwazimisha Élodie. Jana sikuiwasha groupe. Nilikudanganya, na leo pia.”

“Miye?” Élodie akapiga kelele. “Miye sijui batri yoyote!”

Lakini mama yake alikuwa ameucheza muziki wa batri hiyo. Alimpiga Élodie kofi moja, kisha akamgeukia Shida.

“Wewe, hata kukupiga sitaki.”

Papa Useni hakumpiga pia. Alikwenda kuazima batri ya gari la jirani na dumu la mafuta, akarudi, akapiga magoti mbele ya vyuma alivyovitawanya mwenyewe. Kuvirudisha kulimchukua mpaka jua likaanza kuzama. Hatimaye jenereta ikanguruma, seva zikaamka, na picha kutoka Sake zikaanza kuingia moja moja. Mtoto mwenye shati jekundu alikuwamo. Chini ya picha yake mtu aliandika: “Alikuwa Sake, uwanja wa kanisa. Anaharisha. Mchana huu amepelekwa Minova.”

Asubuhi alikuwa Sake, safari fupi ya pikipiki. Sasa alikuwa mbali, na mgonjwa zaidi.

Mama Kahambu alimfikia kesho yake, katika zahanati ya Minova. Prodige alikuwa hai, amelazwa mkekani, mkono una sindano ya maji. Alipomwita, mtoto aligeukia ukutani.

“Jana alikuita tangu aliposhushwa kwenye lori,” muuguzi alimwambia. “Kisha akaacha.”

Tumbo lake lilipona. Lakini kwa muda mrefu, mtu alipotaka kumshika mkono barabarani, aliurudisha nyuma, hata kama mtu huyo ni mama yake.

Habari za Minova zilipofika nyumbani, Papa Useni alimwita Shida.

“Kuazimisha batri ni kosa ndogo,” alisema. “Ungeniambia Jumamosi asubuhi, ningetafuta ingine mbele ya chai kupoa. Ungeniambia Jumapili asubuhi, Mama Kahambu angemukuta mutoto Sake. Hatujaribu groupe ili tufurahie kelele yake. Tunaijaribu ili tujue ubovu wake tungali na nafasi ya kutengeneza. Wewe ulituibia hiyo nafasi, mara mbili. Na mutoto wa mutu ndiye alilipa.”

“Nisamehe, papa.”

“Nimekusamehe. Mashine ikiharibika, ninajua kuitengeneza. Neno lako, utalitengeneza weye mwenyewe, na haitakuwa leo.”

Mji ulipotulia na watu kurejea Majengo, Jumamosi ya kwanza Shida aliingia kibandani mapema. Mama Kahambu alikuja akasimama penye ua, bila salamu, akisikiliza. Jenereta iliwaka mara moja, ikanguruma hata kikombe cha Papa Useni kikatetemeka mezani.

“Imewaka, papa,” alisema Shida.

Papa Useni alikuwa ameisikia kwa masikio yake mwenyewe. Hata hivyo aliweka chai chini, akaenda kuangalia.